Skii za nyuzi za kaboni: Ufundi wa marafiki karakanani na somo lake kwa mafundi wa Kagongwa

Na Mwandishi Wetu, Kahama

KAGONGWA ni mji mdogo ulio kandokando ya barabara kuu ya Isaka hadi Kahama, mkoani Shinyanga. Msafiri anayepita hapo huukumbuka kwa mambo mawili: mashine za kukoboa mpunga zinazounguruma mchana kutwa, na magunia ya mchele yanayopakiwa kwenye malori kwenda mikoa mingine na nchi jirani. Theluji haijapata kuanguka hapo, wala hakuna anayetarajia ianguke.

Kwa nini basi msomaji wa ukanda huu wa mpunga na dhahabu ashughulishwe na habari za skii, yaani zile mbao mbili ndefu ambazo watu wa nchi za baridi huzifunga miguuni ili wateleze juu ya theluji? Sababu ni ya kiufundi. Kwa miaka mingi skii nyingi zilitoka viwandani tu. Lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, vikundi vya marafiki huko Marekani, Kanada na Ulaya vimekuwa vikiunda skii zao wenyewe katika mabanda ya nyumbani, tena kwa kutumia nyuzi za kaboni, mali ghafi inayotumika katika mabawa ya ndege na magari ya mashindano.

Cha kushangaza ni kwamba zana zao nyingi ni zilezile zilizopo katika karakana za Kagongwa na Kahama: msumeno, randa, msasa, mashine ya kuchomelea vyuma, na kompresa ya kujazia upepo matairi. Kinachotofautiana ni mali ghafi na mpangilio wa kazi. Makala haya yanaeleza skii ni kitu gani, nyuzi za kaboni zinafanya kazi gani ndani yake, marafiki hao hufuata hatua zipi, hatari zilizopo, na nini ambacho fundi wa huku anaweza kujifunza hata kama hataona theluji maishani mwake.

Waafrika Mashariki na theluji

Ni kosa kudhani kuwa skii hazijawahi kufika kwetu. Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, ulifikiwa kileleni kwa mara ya kwanza katika historia iliyoandikwa mwaka 1889 na Hans Meyer na Ludwig Purtscheller. Miaka 23 baadaye, mwaka 1912, Wajerumani Walter Furtwängler na Siegfried König waliupanda mlima huo wakiwa na skii na kuteleza nazo juu ya barafu ya Kibo. Barafu mojawapo iliyo kileleni hadi leo inaitwa kwa jina la Furtwängler.

Mwaka huohuo wa 1912 ndio ambao wanasayansi huutumia kama kipimo cha kuanzia wanapoeleza jinsi barafu ya mlima huo inavyopungua. Wakati huo ilikuwa na eneo la takribani kilometa za mraba 12. Kufikia mwaka 2007, utafiti ulionyesha kuwa asilimia 85 ya eneo hilo ilikuwa imetoweka. Mwaka 2022 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliitaja Kilimanjaro pamoja na Mlima Kenya miongoni mwa maeneo ya urithi wa dunia ambayo barafu yake inatarajiwa kwisha ifikapo mwaka 2050. Kwa hiyo, uwanja wa kwanza wa skii katika nchi yetu huenda ukabaki katika vitabu tu.

Kwa upande wa michezo, jina linalojulikana zaidi ni la Philip Boit wa Kenya. Boit alikuwa mkimbiaji wa mbio za mita 800 kutoka eneo la Eldoret. Mwaka 1996 alipelekwa Finland kujifunza skii za masafa marefu kwa udhamini wa kampuni ya Nike, na huko ndiko alikoiona theluji kwa mara ya kwanza. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi iliyofanyika Nagano, Japan, alishiriki mbio za kilometa 10 na kumaliza wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alimsubiri kwenye mstari wa kumalizia ili kumpongeza, na utoaji wa medali ukacheleweshwa kwa sababu hiyo. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Boit alirudi tena katika Olimpiki za mwaka 2002 na 2006. Mwaka 2018 Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kukulia Austria, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushiriki Olimpiki ya Majira ya Baridi. Nao ndugu zetu wengi wanaofanya kazi katika nchi za Ghuba wanaufahamu ukumbi wa Ski Dubai, uliofunguliwa mwaka 2005 ndani ya jengo la maduka, ambamo theluji hutengenezwa kwa mitambo huku nje jua likiwaka.

Kutoka gogo hadi kaboni

Kwa maelfu ya miaka skii ilikuwa ubao mmoja uliochongwa na kukunjwa ncha. Skii za kale zilizofukuliwa kwenye matope ya Skandinavia zina umri wa zaidi ya miaka 5,000. Wakati huo ilikuwa chombo cha kusafiria na kuwindia, kama vile mtumbwi ulivyo kwa mvuvi wa Ziwa Victoria.

Katika miaka ya 1930 mafundi wa Norway walianza kugundisha tabaka kadhaa za mbao badala ya kuchonga ubao mmoja. Karibu mwaka 1950 Howard Head, Mmarekani aliyekuwa amefanya kazi katika kiwanda cha ndege, aliingiza sokoni skii zenye mabamba ya aluminiamu yaliyogundishwa juu na chini ya kiini cha mbao. Baada ya hapo zikaja nyuzi za kioo, ambazo mafundi wetu huziita faiba, na hatimaye nyuzi za kaboni.

Nyuzi za kaboni zina historia ndefu kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwishoni mwa karne ya 19 Thomas Edison alichoma nyuzi za pamba na za mianzi bila hewa ili apate waya wa kaboni wa kuwekwa ndani ya taa za umeme. Nyuzi imara za aina inayotumika leo zilianza kupatikana mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa kazi ya watafiti wa Marekani, Japan na Uingereza.

Leo nyingi hutengenezwa kwa kuchukua uzi maalumu wa plastiki, kuupasha moto hewani kwa nyuzijoto kati ya 200 na 300, kisha kuuchoma bila oksijeni kwa zaidi ya nyuzijoto 1,000. Vitu vingine huondoka kwa njia ya gesi na kubaki kaboni karibu tupu. Mtu anayejua jinsi mkaa unavyochomwa chini ya udongo ataielewa kanuni hiyo bila shida: kuni zikikosa hewa haziwi majivu, huwa mkaa.

Uzi mmoja una unene wa mikromita 5 hadi 10, yaani mwembamba mara kadhaa kuliko unywele wa binadamu. Maelfu ya nyuzi hizo hukusanywa na kufumwa kuwa kitambaa cheusi. Ukilinganisha na chuma cha pua, uzito wake kwa ujazo uleule haufiki robo, lakini ugumu wake dhidi ya kuvutwa ni sawa au zaidi. Ukilinganisha na nyuzi za kioo, ni ngumu takribani mara tatu. Hata hivyo, kitambaa hicho peke yake ni laini kama shuka. Hupata nguvu pale tu kinapolowekwa gundi ya epoksi na kugandishwa.

Skii ina nini ndani yake

Mtu akiikata skii ya kisasa katikati ataona tabaka zilizopangwa kama mkate uliotiwa vitu ndani. Chini kabisa kuna bamba la plastiki ngumu na yenye utelezi, lenye unene wa milimeta moja hadi mbili. Pembeni mwa bamba hilo kuna kingo nyembamba za chuma, ambazo hukata barafu pale mtu anapokata kona. Juu yake huja kitambaa cha nyuzi, kisha kiini cha mbao, kisha kitambaa kingine cha nyuzi, na mwisho kifuniko cha juu ambacho mara nyingi hutiwa michoro.

Kiini cha mbao ndicho kinachochukua nafasi kubwa. Mbao hukatwa vipande vyembamba na kugundishwa ubavu kwa ubavu, ili kasoro ya kipande kimoja isiharibu ubao mzima. Kisha hurandwa hadi kuwa na unene wa milimeta 10 hadi 12 katikati, panapokaa mguu, na milimeta 2 tu kwenye ncha.

Hapa pana kanuni inayopaswa kufahamika vizuri. Ugumu wa ubao dhidi ya kupindwa huongezeka kwa kipeo cha tatu cha unene wake. Unene ukizidishwa mara mbili, ugumu huongezeka mara nane. Aidha, ubao uliotakiwa kuwa na milimeta 10 ukiachwa na milimeta 11, ugumu wake huongezeka kwa takribani theluthi moja. Ndiyo maana watengenezaji hupima unene kwa kipimo cha sehemu za milimeta, na hawategemei jicho.

Kazi ya nyuzi nayo inafuata kanuni hiyohiyo. Skii inapopindwa, upande mmoja huvutwa na mwingine husukumwa, huku katikati kukiwa na mzigo mdogo. Kwa hiyo nyuzi zenye nguvu huwekwa juu na chini, na mbao nyepesi huwekwa katikati kuzitenganisha. Nyuzi zinazolala kwa urefu huzuia kupindika, na zile zinazolala kimshazari, kwa pembe ya nyuzi 45, huzuia kusokoteka.

Marafiki wanavyogawana kazi

Skii moja huweza kutengenezwa na mtu mmoja, lakini ni nadra, na sababu yake ni gundi. Epoksi huuzwa katika vyombo viwili, kimoja kikiwa na resini na kingine dawa ya kuigandisha. Vikishachanganywa, muda wa kufanya kazi huwa mfupi, mara nyingi kati ya dakika 20 na saa moja, kulingana na aina ya dawa na joto la mahali. Ndani ya muda huo tabaka zote lazima zilowekwe, zipangwe na zifungiwe ndani ya mashine ya kukandamiza. Kidole kimoja hakivunji chawa, na katika kazi hii methali hiyo ina maana halisi.

Hatua ya kwanza ni kuchora umbo. Marafiki hukubaliana urefu, ambao kwa mtu mzima huwa kati ya sentimeta 160 na 190, na upana wa sehemu ya mguu. Skii haina upana ulio sawa mwanzo hadi mwisho. Kiuno chake ni chembamba kuliko ncha na mkia, na tao hilo la pembeni ndilo linaloisaidia kukata kona. Mchoro huhamishiwa kwenye plaiwudi au ubao mwingine wa bei nafuu ili kupata kielelezo cha kukatia.

Hatua ya pili ni kalibu. Hii ni mbao nene iliyochongwa kwa mkunjo ambao skii itakuwa nao: ncha iliyoinuka, na katikati palipobinuka kidogo kwa milimeta chache. Kosa lililomo ndani ya kalibu hurithiwa na kila jozi itakayotoka humo, hivyo kazi hii hupewa mwenye mkono uliotulia kuliko wote.

Hatua ya tatu ni kuandaa kiini na bamba la chini. Kingo za chuma hukunjwa kufuata umbo la bamba, kisha hushikizwa kwa gundi ya haraka. Plastiki ya bamba hilo haishiki gundi kirahisi, kwa hiyo hununuliwa ikiwa upande mmoja umekwisha kutayarishwa kiwandani, na upande huo hauguswi kwa mkono mtupu, kwa sababu mafuta ya ngozi yanatosha kuharibu kazi.

Hatua ya nne ni siku ya gundi. Mmoja hupima na kuchanganya, wawili hupaka na kulaza vitambaa, wa nne husimamia mashine na saa. Juu ya kingo za chuma huwekwa ukanda mwembamba wa mpira, ambao hupunguza mtikisiko na kuzuia tabaka zisiachane. Mahali kaboni inapoweza kugusana na chuma au aluminiamu huwekwa tabaka ya nyuzi za kioo, kwa sababu kaboni hupitisha umeme na ikikutana na metali penye unyevunyevu huharakisha kutu.

Hatua ya mwisho, baada ya gundi kukauka, ni kukata mabaki ya pembeni, kulainisha kwa msasa, kunoa kingo na kupaka nta upande wa chini. Ndipo vishikizo vya viatu hufungwa kwa skrubu.

Mashine ya kukandamiza

Sehemu inayowaogopesha wanaoanza ni mashine ya kukandamiza, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na ufundi wa huku kwetu. Wengi huunda fremu nzito ya mihimili ya chuma iliyochomelewa au kufungwa kwa bolti. Ndani ya fremu huwekwa kalibu ya chini na ya juu, na katikati yake mpira wa zimamoto ulioziba ncha zote mbili. Mpira huo hujazwa upepo kwa kompresa, ukavimba na kuzibana tabaka kwa nguvu inayolingana kila mahali.

Msomaji asidanganyike na udogo wa namba inayosomwa kwenye geji. Skii yenye urefu wa sentimeta 180 na upana wa wastani wa sentimeta 12 ina eneo la sentimeta za mraba 2,160. Upepo wa shinikizo la bar 3, ambao ni mdogo kuliko ule wa tairi la lori, husukuma kila sentimeta ya mraba kwa nguvu ya kilo 3 hivi. Jumla yake ni zaidi ya tani 6, yaani kama magunia 60 ya mchele ya kilo 100 yaliyopangwa juu ya ubao mmoja. Skii mbili zikikandamizwa pamoja, mzigo huwa mara mbili.

Nguvu hiyo yote hubebwa na fremu. Mshono mmoja mbovu wa kuchomelea ukiachia, chuma huruka kwa kasi. Kwa sababu hiyo vikundi vyenye busara hujaribu mashine kwanza kwa shinikizo dogo, bila mtu kusimama mbele yake, na hufunga valvu ya usalama inayotoa upepo ukizidi. Yeyote aliyewahi kuona tairi la lori likipasuka kwa fundi wa pancha hahitaji kuelezwa zaidi.

Wengine huongeza joto kwa blanketi za umeme ili gundi igande kwa nyuzijoto 60 hadi 80 ndani ya saa chache. Bila joto hilo, skii huachwa ndani ya mashine kwa siku nzima au zaidi. Katika mji kama Kagongwa, ambako mchana joto hukaribia au kupita nyuzi 30, tatizo lingekuwa kinyume. Kwa makadirio ya kawaida, kila joto likipanda kwa nyuzi 10 kasi ya gundi kuganda huongezeka karibu mara mbili. Fundi angelazimika kuchagua dawa ya polepole na kufanya kazi alfajiri.

Hatari zisizoonekana

Hatari ya kwanza iko kwenye ngozi. Epoksi ambayo haijaganda inaweza kuufanya mwili uikatae. Mtu hufanya kazi nayo miezi kadhaa bila tatizo, kisha siku moja mikono huvimba na kuwasha, na tangu hapo hata tone dogo humsumbua. Hali hiyo ikishatokea mara nyingi haiondoki. Kama ilivyo kwa zebaki katika uchenjuaji wa dhahabu, madhara hayaonekani siku ileile, na ndiyo maana watu huyapuuza. Glavu ni lazima, na mkono uliochafuka huoshwa kwa sabuni na maji, wala si kwa petroli au asetoni, ambazo huisaidia gundi kupenya ngozini.

Hatari ya pili ni vumbi. Kukata na kupiga msasa nyuzi za kaboni hutoa vumbi linalowasha ngozi na kudhuru mapafu. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Inatakiwa ile ya kuchuja vumbi, tena kazi ifanyike mahali penye hewa ya kutosha. Vumbi hilo pia hupitisha umeme, na likiingia ndani ya mota au swichi huweza kusababisha shoti.

Hatari ya tatu ni moto. Gundi inapoganda hutoa joto. Ikiwa imetandazwa juu ya kitambaa joto hutawanyika, lakini ikiachwa nyingi ndani ya kopo joto hujikusanya, kopo huyeyuka na moshi hutoka, na mara nyingine moto huwaka. Mabaki humwagwa kwenye chombo kipana, nje ya banda.

Hatari ya nne humpata mtumiaji. Chuma kikizidiwa hupinda kwanza na kutoa taarifa. Kaboni hukatika ghafla. Tabaka zilizogundishwa vibaya huweza kuonekana nzima kwa nje huku ndani zimeachana. Skii ikikatika mlimani katika mwendo wa kasi, anayelipa ni mguu wa mwenye skii, na mara nyingi huyo ni rafiki wa aliyeichanganya gundi. Hapo ndipo ujirani wa karakanani unapopimwa: mwenye kujua kwamba alikosea kipimo anatakiwa kusema kabla jozi haijavaliwa, hata kama kazi ya wiki tatu itatupwa.

Je, kuna faida?

Kwa hesabu ya fedha, jozi ya kwanza huwa ghali kuliko ya dukani, kwa sababu gharama ya mashine, kalibu na makosa yote huingia humo. Unafuu huanza kuonekana jozi zinapoongezeka na gharama ya mashine kugawanywa. Kwa upande wa uzito, kutumia kaboni mahali pa nyuzi za kioo huweza kupunguza gramu mia kadhaa kwa kila skii, jambo lenye maana kwa mtu anayepanda mlima kwa miguu kabla ya kuteleza.

Hata hivyo, wepesi una bei yake. Skii nyepesi sana hurukaruka juu ya barafu ngumu. Ndiyo maana wengi huchanganya kaboni na nyuzi za kioo, na hawatumii kaboni tupu.

Somo kwa Kagongwa

Hakuna anayewashauri vijana wa Kagongwa waanze kuunda skii. Soko halipo, na mali ghafi ingesafiri mbali. Lakini ufundi wa kulaza nyuzi na gundi juu ya kiini chepesi hauna uhusiano wa lazima na theluji. Ndio huohuo unaotumika kuunda boti za faiba, matangi, mabodi ya magari na viungo bandia. Kule Moshi, chuo cha TATCOT kilichopo katika hospitali ya KCMC kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1981. Miguu ya kukimbilia inayovaliwa na wanariadha wenye ulemavu hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni, na kanuni yake ya kupinda na kurudi ni ileile ya skii.

Upo pia upande wa baiskeli. Shinyanga ni mkoa wa baiskeli. Mizigo, abiria na maji hubebwa juu yake, na wale wanaosafirisha abiria huitwa daladala. Baiskeli za chuma hutengenezeka kwa kuchomelewa chini ya mti. Fremu ya kaboni haichomelewi wala hainyooshwi kwa nyundo. Fundi akiipata mkononi anapaswa kuikagua kwa kuigongagonga kidogo kwa sarafu. Penye sauti butu kuliko sehemu za jirani pana uwezekano wa tabaka kuachana, na hapafai kubeba mtu hadi pakarabatiwe na anayeijua kazi hiyo.

Somo la tatu ni la utaratibu. Nchi hii ina Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa mwaka 1994. Hata hivyo, mafundi wengi bado hujifunza kwa kutazama, na siri ya kazi hubaki kichwani mwa mmoja. Vikundi vinavyotengeneza skii vina desturi ya kuandika kila jambo: joto la siku hiyo, uzito wa gundi, shinikizo, muda, na kasoro iliyoonekana. Jozi ikivunjika hufungua daftari, na kosa hupatikana. Daftari na mizani ndogo ni zana za bei nafuu kuliko zote zilizotajwa katika makala haya, nazo zinafaa kwa anayeunda mashine ya kukoboa mpunga kama zinavyomfaa anayeunda skii.

Furtwängler na König walibeba skii hadi Kibo mwaka 1912 wakaikuta barafu ikiwa bado pana. Skii bora za kaboni za leo zingeweza kupandishwa mlima uleule kwa uzito mdogo zaidi, lakini zingekuta sehemu kubwa ya barafu hiyo imekwisha. Ufundi umeongezeka wakati theluji ya mlima wetu ikipungua. Kwa fundi wa Kagongwa, kinachobaki cha kuchukua ni ufundi huo, pamoja na tahadhari zake zote.